Chakula cha Noeli katika nyumba iliyochanganya makabila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Mvua za Novemba zikishika, maswali huwa yale yale: tutapika nini, cha upande gani, na nani atakaa jikoni. Wanayauliza wachumba wa mtaa wa Katuba, wanandoa wa mtaa wa Kamalondo walioishi pamoja miaka na hawajaafikiana bado, na wakwe wa pande zote. Mengi yanatoka katika nyumba za Mkasai na Mbemba, Mluba wa Katanga na Mshi wa Kivu, Mkongomani na Mbelgiji au Mgiriki.

## Mwanzo

Si kila mtu anapika kuku na wali siku hiyo? Desturi inatoka wapi?

Kuku na wali ni chakula cha sikukuu yoyote: ubatizo, ndoa, mtoto kupata diploma. Chakula kinakuwa desturi ya Noeli ya nyumba yenu pale kinapokuwa na siku yake, saa yake na mtu wake. Mtoto akiuliza mwezi wa Novemba, "Papa atatwanga karanga lini?", basi mmeshaipata.

Kwa hiyo pikeni kuku na wali, hakuna ubaya. Lakini wekeni kando yake kitu ambacho hakionekani mezani siku nyingine za mwaka, au ambacho siku hiyo kinapikwa na mtu asiyekipika siku nyingine.

Tuanze na vyakula vingapi?

Viwili, kimoja kwa kila upande. Nyumba zinazoanza na vyakula kumi zinamchosha mama mmoja, na mwaka unaofuata anasema hataki tena. Viwili vikisimama miaka kadhaa, cha tatu kitakuja chenyewe.

Tuchague vipi?

Kila mmoja amuulize mama yake au shangazi yake swali hili: "Siku ya Noeli, ulipokuwa mtoto, nini ilikuwa inanukia nyumbani asubuhi?" Msiulize chakula cha kabila ni kipi, maana hapo mtapewa orodha ya sherehe za machifu. Harufu ya asubuhi inaleta kitu cha kweli: sombe (kisamvu) iliyoanza kuchemka tangu usiku, samaki wa kukaushwa wa Kasenga aliyelowekwa, maandazi, nyama ya mbuzi.

Halafu angalieni kama mnaweza kukipata Lubumbashi mwezi wa Desemba kwa bei mnayoiweza. Kama jibu ni hapana, chagueni kingine bila huzuni.

Kwa nini mnashauri kila chakula kipikwe na yule ambaye hakukulia nacho?

Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote katika ukurasa huu. Mke Mbemba akipika chakula cha Kibemba na mume Mkasai akingoja chakula cha Kikasai kutoka kwa dada yake, mna sikukuu mbili chini ya paa moja. Mkibadilishana chungu, kila mmoja analazimika kuuliza, kuonja, kukosolewa kidogo na kusifiwa.

Wazee walilijua jambo hili. Kwa Wabemba, katika matebeto, upande wa mke huleta mbele ya mkwe vyakula vilivyokwisha kupikwa ili ajue nyumba aliyooa inakula nini. Sisi tunaongeza hatua moja tu: baada ya kuonyeshwa, mkwe naye ashike mwiko.

Chukua bukari (ugali) wa Kikasai, unaochanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo. Mke aliyekulia bukari wa mahindi matupu atamwaga unga wote mara moja, na utashikana madonge. Anayejua humwaga kwanza unga wa mahindi katika maji ya moto, anauacha uchemke kama uji mpaka upige mapovu mazito, ndipo anatia unga wa muhogo kidogo kidogo huku akisonga kwa nguvu. Bukari ukianza kuvutika na kuachana na ukingo wa chungu, umeiva. Mkono wa kusonga namna hiyo unajifunzwa pembeni ya mtu, tena kabla ya tarehe 25. Jaribuni Jumapili mbili tatu za Desemba, mezani kuwe na nyinyi tu.

Lubumbashi yenyewe haina chakula chake cha Noeli?

Mji huu ulizaliwa mchanganyiko. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, migodi ikavuta watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha wa Kasai, Lomami, Ruanda na Urundi. Union Minière, kampuni ya migodi, iliwapa wafanyakazi posho, na unga wa mahindi meupe ukawa chakula cha kila kambi, hata kwa watu ambao kwao walikula muhogo au ndizi. Wagiriki nao walikwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, wakafanya biashara ya samaki waliolisha mji. Kwa hiyo bukari na samaki mnaouita wa kienyeji una watu wengi ndani yake.

Kitu cha Lubumbashi hasa ni msimu. Desemba ni mvua, na mvua inaleta uyoga wa porini na maembe. Uyoga wa karanga na sahani ya maembe yaliyokatwa vinaweza kuwa sehemu ya tatu ya meza, isiyo ya upande wowote. Nunueni uyoga kwa mama mnayemjua, ambaye ameuza aina hiyo miaka yote. Msiokote wenyewe aina msizozijua: kuna uyoga unaoua, na kuuchemsha hakuondoi sumu yake.

## Soko na jiko

Tununue lini?

Vitu visivyoharibika, Oktoba: mchele, mafuta, sukari, samaki mkavu, bishimu (viwavi vya kuliwa), karanga. Wiki ya mwisho kabla ya Noeli bei ya kila kitu inapanda, na anayenunua unga kwa meka (kopo la kupimia) siku hiyo analipa kuliko aliyenunua mfuko mapema. Akina mama wengi wanaanzisha likelemba (mchango wa zamu) ya miezi michache kwa ajili hii, zamu ya mwisho ikiangukia mwanzoni mwa Desemba. Panga na minervali (ada ya shule) ya Januari kichwani. Noeli ya madeni watoto wanaikumbuka pia.

Sombe yetu iwe ya karanga au ya mawese? Tunagombana kila mwaka.

Ni ugomvi wa kweli, tuuheshimu. Upande wa Kibemba wengi wanataka karanga zilizotwangwa, mchuzi mzito usio na rangi nyekundu. Upande wa Kikasai wanataka mawese, na bila mawese wanaona umewaletea majani ya mgonjwa.

Dawa yake ni kugawa chungu kwa wakati unaofaa. Twangeni majani yote pamoja, chemsheni pamoja bila kufunika kabisa, mpaka ule ukali wa majani mabichi uishe kwenye harufu. Hatua hii haina njia ya mkato: majani ya muhogo yana sumu inayotolewa kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Baada ya hapo tia kitunguu, biringanya na pilipili kama mnapenda, kisha gawa. Chungu cha kwanza tia unga wa karanga na maji ya moto, koroga kwa moto mdogo, maana karanga zinashika chini haraka. Chungu cha pili tia mawese na samaki mkavu aliyechambuliwa.

Katika nyumba moja ninayoijua, mume wa kutoka Mbuji-Mayi, Kasai, ndiye anayetwanga karanga, akiwa amekaa kwenye kigoda uani tangu saa mbili asubuhi, na mke wa Kasenga ndiye anayetia mawese. Wageni wanaonja vyote viwili, na hakuna anayeulizwa kipi kimeshinda.

Kama kuna mtoto anayevimba mdomo au kubanwa pumzi akila karanga, chungu cha karanga kisipikwe kabisa. Mwiko mmoja uliohama unatosha kumdhuru.

Mume wangu ni Mbelgiji, anataka mkate wa Noeli wa kwao. Hatuna furu (tanuri).

Anaouzungumzia huenda ni cougnou, mkate laini wa maziwa na mayai unaochongwa kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo. Watoto wa Wallonia, Ubelgiji ya Kifaransa, wanaula asubuhi ya Noeli na chokoleti ya moto. Unawezekana kabisa juu ya makaa.

Chukua unga wa ngano gramu 500, maziwa ya uvuguvugu mililita 200, mayai mawili, sukari gramu 75, siagi laini gramu 100, hamira kavu gramu 10 na chumvi kidogo. Kanda dakika kumi hadi uwe laini, acha uumuke mpaka uwe mara mbili. Fanya donge moja refu la mwili na madogo mawili kwa kichwa na miguu, bandika, acha uumuke tena, paka yai juu. Chukua sufuria kubwa zito, tandaza mchanga mkavu chini, weka juu yake chombo chenye mkate, funika, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Anza kuangalia baada ya nusu saa. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, mkate umeiva. Mara ya kwanza chini kunaungua kidogo, punguza makaa ya chini mara ya pili.

Na kwa mujibu wa ushauri wetu, aukande mke au shemeji yake. Mbelgiji naye apewe mwiko wa bukari.

Mvua inanyesha. Tunaweza kuingiza mbabula (jiko la makaa) ndani?

Hapana. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanaanza na maumivu ya kichwa na usingizi, na wengine hawaamki. Mvua ya Desemba ndiyo inayowashawishi watu kufanya hivi, na usiku wa Noeli nyumba imejaa watoto waliolala. Pikeni chini ya baraza iliyo wazi pande mbili au tatu, au funga bati kwenye nguzo uani wiki moja kabla. Mbabula isiyotumika tena ibaki nje usiku kucha, hata kama inaonekana imezimika.

Umeme ukikatika, nyama itakuwaje?

Mnunue mbuzi na kuku wakiwa hai, mchinje asubuhi hiyo hiyo. Ndiyo njia ya nkambo (mababu) zetu na bado ni bora. Nyama iliyopikwa isikae juu ya meza zaidi ya saa mbili. Wali uliobaki ni hatari kuliko watu wanavyodhani: ukilala nje kwenye joto usiku kucha, mpe kuku, usimpe mtoto. Gawieni majirani mapema chakula kikiwa bado cha moto.

Watoto wanywe nini?

Munkoyo, kinywaji cha mahindi. Ukipikwa jioni kabla ya sikukuu, asubuhi ni mtamu na mwepesi. Ukiachwa siku tatu unaanza kulevya, kwa hiyo mkongwe uwekwe mbali na vikombe vya watoto.

## Wakwe na meza

Mama mkwe na mkwe wanaweza kula meza moja?

Kwa Wabemba na kwa Waluba wanaoshika desturi, mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe mpaka heshima fulani zitimizwe, na kwa familia nyingine hata baada ya hapo. Mke wa kigeni anaweza kudhani mama yake anakataliwa, au mume wa kigeni akamvuta mama mkwe kwa mkono akae karibu naye, na mama akaona aibu mbele ya ndugu zake.

Msikisie. Tumeni shangazi au mjomba aulize mapema: "Mama atakaa wapi?" Mara nyingi jibu ni rahisi: wanawake wakubwa wale sebuleni, vijana na mkwe wale barazani, chakula kitoke chungu kimoja. Kama mama mkwe ni mgeni wa desturi hizi, kwa mfano Mgiriki au Mfaransa, aelezwe kabla hajafika mlangoni. Akielezwa vizuri huwa anafurahi kujua kwamba anapewa heshima.

Firigisi ya kuku ni ya nani?

Katika nyumba nyingi za kwetu ni ya baba. Kama mkwe Mzungu amekwisha kuitafuna bila kujua, acheni ipite. Njia nzuri katika nyumba mpya: mpikeni kuku zaidi ya mmoja, firigisi moja ipewe baba wa nyumba, nyingine mgeni mkubwa wa upande wa pili. Mimi ningependa pia ifike siku mama aliyepika apewe, lakini hilo liamuliwe na wenye nyumba, lisianzishwe na wifi mbele ya wageni.

Mke wangu hawezi hata kuangalia bishimu.

Asilazimishwe. Kula kwa kulazimishwa hakujengi kitu. Ila kuna sheria moja ya meza inayowafunga wote: hakuna kukunja uso wala kusema "ee!" juu ya chakula cha mwenzako. Sheria hiyo inawafunga pia wajomba wanaocheka jibini yenye harufu aliyoleta baba wa mke. Wekeni bishimu zilizokaangwa zikakauka kwenye sahani ndogo, pembeni, kama njugu. Watoto wataanza wenyewe.

Mama mkwe wangu Mkasai hataki kupika cha kwao wageni wakija. Tufanyeje?

Mwulizeni taratibu, na mkubali asipojibu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi walifukuzwa Katanga. Watu walilala siku nyingi kwenye vituo vya gari moshi vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na ndoa zilizochanganya zilipasuliwa katikati. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule huenda alijifunza kutojitambulisha kwa chochote, hata kwa chakula.

Kinachosaidia ni mkwe wa Kikatanga kumwomba amfundishe, siku ya kawaida, milango ikiwa imefungwa. Chakula kikishapikwa na mikono ya mkwe huyo siku ya Noeli, mama atakuwa mgeni wa heshima anayehudumiwa. Hakuna atakayemwona ametolewa mbele ya watu. Nimeona jambo hili likichukua miaka. Lipeni muda.

## Imani tofauti

Shemeji zetu ni Waislamu. Waalikwe?

Waalikwe, na waachiwe wenyewe waamue wafike saa ngapi. Wengine hawatashiriki sikukuu yenyewe lakini watakuja kusalimia. Mwombeni mjomba Mwislamu achinje mbuzi. Wakristo wengi hawana shida kula nyama hiyo, na meza nzima inakuwa moja. Nguruwe asipikwe siku hiyo katika sufuria zile zile, na vinywaji vyenye pombe vikae upande wao.

Waadventista je?

Hawali nguruwe wala samaki wasio na magamba, kama kambale, na hawanywi pombe. Samaki wenye magamba wa Luapula wanatosha. Ukiandaa meza ya Waislamu kama ilivyoelezwa hapo juu, kwa sehemu kubwa umeandaa na ya Waadventista.

Baba ni Mkimbangu. Noeli yao ni Mei.

Kanisa la Kimbangu linaadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Salomon Dialungana Kiangani, mwana wa Simon Kimbangu. Basi nyumba yenu ina Noeli mbili, na ni bahati kwa watoto. Chakula cha upande wa baba kiwe cha Mei, kipikwe na mama. Cha upande wa mama kiwe cha Desemba, kipikwe na baba. Zote mbili bila nguruwe na bila pombe kama baba anashika. Mei ni kiangazi Lubumbashi, uyoga umekwisha, lakini kupika uani ni raha.

Na ndugu Mashahidi wa Yehova?

Hawasherehekei Noeli, msiwasukume. Waalikeni Jumapili nyingine ya mwaka na mpike chakula kile kile bila jina la sikukuu.

## Hali za pembeni

Kuna matanga katika familia mwezi wa Desemba.

Sikukuu inashuka sauti, chakula hakifutwi. Pikeni vile viwili vyenu na mpeleke kwenye matanga. Wanaolia wanakula pia, na mara nyingi ni bukari na maharagwe siku zote. Muulizeni kwanza mkubwa wa familia kama nyama inaruhusiwa.

Aliyejua kupika cha upande wake amefariki. Tuendelee?

Ndiyo, hata kama ladha haitafika. Tafuteni dada yake, rafiki yake wa kanisani, jirani wa zamani. Mwenye kumbukumbu ya ulimi asimame pembeni ya chungu aseme "chumvi bado, moto punguza". Na mlio hai mwandike sasa: vipimo kwa kikombe na kijiko cha nyumbani kwenu, pamoja na mambo ambayo hakuna anayeyasema, kama vile sauti ya mafuta yanapokuwa tayari.

Wagiriki upande wa mama wana keki ya sarafu. Ni ya Noeli?

Hiyo ni vasilopita, na ni ya tarehe 1 Januari, siku ya Mtakatifu Basili. Iwekeni kwenye Bonane (Mwaka Mpya), kipande kimoja kimoja kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa hadi mdogo. Sarafu ichemshwe, ifungwe kwenye karatasi ya fedha ya jikoni, na kila mtu aambiwe ipo. Vipande vya watoto wadogo vikatwekatwe na mtu mzima kwanza. Kwa Noeli yenyewe Wagiriki wana melomakarona, biskuti za asali na karanga-miti. Asali ya miombo ya Katanga inazifaa sana.

Baba anafanya zamu mgodini Kolwezi na hatakuwepo tarehe 25.

Sogezeni chakula, msisogeze ibada. Tarehe 25 watoto wale kuku na wali kwa mama au kwa nkambo, na vyakula viwili vya nyumba vingoje siku baba atakaposhuka, iwe tarehe 28 au Januari 3. Msipike mara mbili na msimwekee sahani ya baridi. Kama yeye ndiye mwenye kutwanga karanga, karanga zisitwangwe na mtu mwingine. Aliyeagiziwa mbuzi aambiwe mapema kwamba siku imebadilika, na amana yake alipwe kabla, maana baada ya Noeli mbuzi waliobaki ni wachache.